Mdogo wangu alivuja damu sana: plazma ilichelewa? Na mbona sasa hawataki kumuongezea?

"Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, alikua kwenye pikipiki akagongwa na lori. Alivunjika nyonga na bandama ikapasuka, usiku huohuo wakampasua wakaitoa. Pale mapokezi walianza kumtundikia dripu mbili za maji, ikaja damu, halafu plazma ikaja baadae sana, kama dakika arobaini hivi, tuliambiwa inayeyushwa. Binamu yetu anasomea unesi, anasema plazma ndo inayookoa maisha na ilitakiwa itangulie, toka siku hiyo mama hali chakula, anasema mwanae alicheleweshwa. Kingine, mdogo wangu ni grupu O lakini mimi kwa macho yangu niliona mfuko wa plazma umeandikwa AB, nikanyamaza nisionekane mjuaji. Leo siku ya tano yuko ICU kwenye mashine ya kupumulia, damu imeacha kuvuja. Tumeomba wamuongezee plazma apate nguvu, wamekataa, na juu ya hapo wanamchoma sindano tumboni eti ya kuzuia damu isigande. Mtu aliyekua anakufa kwa kuvuja damu! Tukomae nao au tuwaache?"

Marahaba dada yangu, na poleni sana, hasa mama. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja na naona ndani yake kuna mambo manne: umeona AB ukaingiwa na hofu ambayo umekaa nayo peke yako siku tano, mnaumizwa na wazo kwamba plazma ilichelewa, mnaona kama sasa ananyimwa, na hiyo sindano ya tumboni imewavuruga kabisa. Nianze na la AB kwa sababu jibu lake ni fupi na nadhani ndo limekunyima usingizi.

Hawakukosea. Kwenye seli nyekundu, kanuni mnayoijua ni kwamba damu ya O anaweza kupewa karibu kila mtu, maana seli zake hazina alama ya A wala ya B ambayo mwili wa mpokeaji ungeishambulia. Plazma inakwenda kinyume chake, mana plazma haibebi zile alama, inabeba kingamwili zinazozishambulia. Plazma ya mtu wa grupu O ina kingamwili za kupiga A na za kupiga B, ya mtu wa A inapiga B, ya mtu wa B inapiga A, ya mtu wa AB haina hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo plazma ya AB unaweza kumtundikia mtu wa grupu lolote, na ndo mana majeruhi akiingia anavuja na maabara bado haijathibitisha grupu lake wanatoa seli nyekundu za O na plazma ya AB. Watu wa AB ni wachache kuliko wa magrupu mengine, hivyo hospitali nyingi siku hizi kwenye dharura wanatumia pia plazma ya A, na wanaendelea nayo bila matatizo makubwa. Kama ule mfuko ungekua wa seli nyekundu za AB hapo ndo ungekua na haki ya kupiga kelele mpaka wodi nzima isikie. Na siku nyingine usinyamaze, hata kama utaonekana mjuaji. Wauguzi wanaotundika damu wamefundishwa kusoma lebo wawili wawili kwa sauti kwa sababu makosa ya lebo yanaua, swali la ndugu halimkeri muuguzi anayejua kazi yake.

Sasa plazma yenyewe. Ukiiacha damu itulie kwenye mfuko au ukiizungusha kwenye mashine inajitenga, chini zinakaa seli nyekundu, juu unabaki umajimaji wa njano kama uliouona, huo ndo plazma, na ni zaidi ya nusu ya ujazo wa damu. Watu wengi wakiuona wanafikiria mambo mawili yasiyo sahihi. Wengine wanasema ni maji tu, kwamba damu yenyewe ni ile nyekundu. Wengine wanaiona kama kitu cha kuongeza nguvu, cha kumlisha mgonjwa aliyedhoofika, na naona hapo ndo mlipo nyinyi. Kazi ya kubeba oksijeni ni ya seli nyekundu, plazma haibebi oksijeni ya maana. Lishe mgonjwa wa ICU anapewa kwa mpira unaopita puani kwenda tumboni. Kitu kilichomo kwenye plazma ambacho kinamfaa anayevuja ni zile protini za kugandisha damu, fibrinojeni na wenzake, pamoja na protini zinazozuia damu isigande kupita kiasi, yaani breki na mafuta vyote viko humohumo.

Hapa nataka niende taratibu kidogo kwa sababu ukielewa kinachotokea ndani ya mtu aliyeumia vibaya, maswali yako yote yaliyobaki yanajijibu.

Zamani madaktari tuliamini kwamba majeruhi anaanza na damu inayoganda vizuri, halafu sisi ndo tunaiharibu kwa kumjaza maji. Mwaka 2003 madaktari wa London waliangalia vipimo vya majeruhi zaidi ya elfu moja wakati tu wanafika hospitali, wakakuta karibu mmoja kati ya wanne damu yake tayari ilikua imeshashindwa kuganda sawasawa, kabla hata hajapewa dripu za kutosha kulaumiwa. Na hao ndo waliokua wakifa zaidi. Kumbe mshtuko wenyewe, ule mchanganyiko wa nyama kuchanika na viungo kukosa damu, unawasha kitu mwilini: protini fulani inayozuia kuganda inaamka kupita kiasi, fibrinojeni inatumika na kuisha mapema kuliko protini zingine, na mwili unaanza kuyeyusha hata yale mabonge ya damu uliyokwisha kuyatengeneza. Wakati huohuo ukuta wa ndani wa mishipa midogo unavurugika. Ukuta ule umefunikwa na tabaka laini sana, ukilikuza unaliona limesimama kama manyoya ya zulia, na mtu akipata mshtuko wa kupoteza damu manyoya yale yanachomoka na kuelea kwenye damu, tunaweza hata kuyapima. Mshipa ukibaki uchi hivyo unavuja maji kwenda kwenye mapafu na kwenye nyama, na mgonjwa anavimba.

Juu ya hapo sasa ongeza dripu za chumvi. Chupa moja ya maji inapandisha presha kwa muda, ndugu wanaona namba imepanda wanashukuru Mungu, lakini ndani umezimua damu, zile protini chache zilizobaki umezitawanya kwenye ujazo mkubwa zaidi, umempoza mgonjwa, na damu yake umeisogeza kwenye tindikali. Damu ya baridi haigandi vizuri, yenye tindikali haigandi vizuri, mgonjwa anavuja zaidi, anapoa zaidi. Kuna na la nne ambalo linasahaulika sana: mifuko ya damu na ya plazma inawekwa sitreti ili isigande ikiwa stoo, na sitreti ikiingia kwa wingi mwilini inanyakua kalsiamu, na bila kalsiamu hakuna kuganda na moyo nao unalegea. Ndo mana ukimuona muuguzi katikati ya purukushani anadunga kalsiamu usifikiri ni vitamini za mifupa.

Kwa hiyo binamu yako yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Majeruhi anayevuja kweli ukimpa seli nyekundu peke yake na maji, unamrudishia oksijeni lakini hujamrudishia uwezo wa kuganda, na plazma inajaza pengo hilo, inaongeza ujazo bila kuzimua kama chumvi inavyozimua, na majaribio ya maabara na ya wanyama yanaonesha inasaidia hata lile tabaka la ndani ya mishipa kurudi. Alipokosea ni kwenye neno "itangulie", na kwenye kuifanya plazma ndo mwokozi peke yake.

Mnisamehe kwa namba, ila mama anateseka kwa sababu ya namba ambayo hakuna aliyemwambia.

Mwaka 2007 ilichapishwa ripoti ya hospitali ya jeshi la Marekani huko Iraq, majeruhi 246 waliopewa damu nyingi sana. Waliopata plazma kidogo, mfuko mmoja kwa seli nyekundu nane hivi, walikufa asilimia 65. Waliopata karibu sawa kwa sawa walikufa asilimia 19. Ukiisoma hivyo unasema basi, plazma inafufua. Dunia nzima ilibadilika kwa ripoti ile. Lakini kaa uifikirie: mtu anayekufa ndani ya nusu saa anafia wapi? Anafia kwenye seli nyekundu, kwa sababu plazma bado iko kwenye maji ya kuyeyushia. Aliyekufa mapema anahesabiwa "alipata plazma kidogo", aliyeishi hadi plazma ikafika anahesabiwa "alipata nyingi". Sehemu ya tofauti ile ni kwamba kuishi ndo kulimpatia mtu plazma, kabla plazma haijampatia kuishi. Namba zile hazikua za uongo ila zilikuza mambo.

Ikabidi wafanye jaribio la haki, la kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Lilichapishwa 2015, hospitali 12 za Amerika Kaskazini, majeruhi 680. Kundi moja walipewa plazma, chembe sahani (zile chembe ndogo za damu zinazoziba tundu kwenye mshipa) na seli nyekundu sawa kwa sawa kwa sawa, kundi la pili walipewa seli nyekundu mara mbili ya hivyo vingine. Ndani ya saa 24 walikufa asilimia 12.7 upande wa sawa kwa sawa na asilimia 17.0 upande wa pili, siku ya 30 ikawa 22.4 na 26.1. Tofauti ipo, ila kitakwimu haikutosha kusema haikua bahati tu. Ila waliokufa kwa kuvuja hasa ndani ya siku ile ya kwanza walikua asilimia 9.2 dhidi ya 14.6, na hiyo haikua bahati. Mimi hapo nasoma hivi: plazma ya kutosha, pamoja na chembe sahani, inapunguza vifo vya kuvuja, lakini majeruhi anaweza asife kwa kuvuja akafa kwa kichwa kilichoumia au kwa viungo kushindwa siku ya kumi, na huko plazma haina miujiza. Kitu kingine cha jaribio lile ambacho sikisahau, nusu ya waliokufa kwa kuvuja walikua wamekwisha kufa ndani ya saa mbili na ushee. Dirisha lenyewe, yaani muda wa kumuokoa, ni dogo hivyo.

Sasa swali la kuchelewa. Kama dirisha ni saa mbili, si bora plazma impate mtu akiwa bado njiani? Wameijaribu. Marekani kwenye helikopta za wagonjwa, watu 501, waliopewa mifuko miwili ya plazma angani walikufa asilimia 23.2 ndani ya siku 30, waliopewa huduma ya kawaida asilimia 33.0. Tofauti kubwa sana hiyo. Mwaka huohuo, 2018, yakatoka majibu ya jiji la Denver hukohuko Marekani, gari la wagonjwa la barabarani, watu 125, hakukua na tofauti yoyote ya maana. Walipokuja kuchanganya data za majaribio yote mawili wakaona faida ilikua kwa wale ambao safari ya kwenda hospitali ilizidi dakika 20, wa Denver walikua wanafika haraka mno plazma haipati hata muda wa kufanya kazi. Uingereza nao wakajaribu seli nyekundu na plazma ya unga dhidi ya maji ya chumvi kwa majeruhi 432 kabla ya hospitali, majibu yakatoka 2022, hakuna tofauti waliyoiona. Sasa mtu akikwambia "angepewa plazma dakika arobaini kabla angekua ameshakaa anakula", ujue anazungumza kitu ambacho hata sisi tunaosoma haya kila siku tunabishana juu yake.

Hizo dakika arobaini zenyewe ziko wapi? Plazma inatunzwa imegandishwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, mfuko wa mililita 200 na kitu hadi 300, mgumu kama jiwe. Inayeyushwa kwenye maji au mashine ya nyuzi 30 hadi 37, inachukua dakika 20 hadi 30, na huwezi kuiharakisha kwa maji ya moto kwa sababu protini zilezile unazozitaka zinaungua na unabaki na mfuko usio na kazi. Ongeza muda wa mtu kukimbia benki ya damu, kujaza fomu, kupima, kurudi. Arobaini inafika bila mtu yeyote kuzembea. Hospitali kubwa zinazopokea majeruhi wengi wanaweka kila siku mifuko kadhaa iliyokwisha kuyeyushwa kwenye friji, inakaa hadi siku tano, na wengine wana plazma ya unga ya kuchanganya na maji dakika chache tu ikawa tayari. Mimi natamani kila sehemu inayopokea ajali iwe hivyo. Lakini plazma iliyoyeyushwa isipopata mtu inamwagwa, na hospitali inayoona mgonjwa wa aina ya mdogo wako mara chache haiwezi kumwaga damu za watu kila wiki. Kwa hiyo tukisema plazma ilikuja baadae, ndiyo ilikuja baadae, ila ilikuja ndani ya muda ambao bado ina kazi.

Kwenye zile dripu mbili za mwanzo nitakua mkweli: leo tunajitahidi maji yawe kidogo, na kwa mtu ambaye hakuumia kichwa tunaikubali presha, ile namba ya kwanza, iwe 80 au 90 hivi mpaka mshipa unaovuja ufungwe, badala ya kumjaza mpaka afike 120. Ila kama presha ilikua inazama na damu haijafika mezani, dripu mbili si dhambi, ndo kilichokuwepo mkononi.

Na kitu ambacho hukukiandika kwa uzito wake ni kwamba walimpasua usiku uleule. Dada, hiyo ndo iliyomuokoa zaidi ya mfuko wowote. Bandama iliyopasuka inamwaga damu tumboni haizibwi na plazma, unaweza kumimina mifuko 20 na yote ikaishia tumboni. Waulize pia kama alipewa sindano ya traneksamiki, dawa ya bei ndogo inayozuia mwili usiyeyushe mabonge yake, ilijaribiwa kwa majeruhi zaidi ya 20,000 kwenye nchi 40 na majibu ya 2010 yakaonesha inapunguza vifo, halafu uchambuzi wa 2011 wa vifo vya kuvuja ukaonesha faida iko ikitolewa ndani ya saa tatu za mwanzo. Baada ya saa tatu haisaidii na inaweza kudhuru. Simaanishi mkawashtaki kama hakupewa, ni swali tu ambalo jibu lake linaweza kumtuliza mama.

Tuje leo, siku ya tano, damu imeacha kuvuja. Wanakataa kumuongezea plazma na mimi ningekataa pamoja nao. Plazma inampa faida mtu anayevuja kwa sababu inarudisha kitu kinachomwagika. Mtu asiyevuja hamwagi kitu, ini lake likiwa zima linatengeneza protini zile lenyewe, na hata kipimo cha kuganda kikiwa kimepanda kidogo plazma mara nyingi haikishushi kwa kiasi cha maana, mana plazma ya mchangiaji nayo haina nguvu ya ziada. Upande wa hasara ndo unajaa: kila mfuko ni robo lita ya ujazo kwenye mapafu ambayo tayari yamechoka, mgonjwa wa ICU anaweza kujaa maji moyo ukashindwa kuyasukuma. Kuna na lile tatizo baya zaidi ambapo kingamwili za mchangiaji zinaamsha chembe nyeupe za mgonjwa kwenye mapafu, ndani ya saa sita anaanza kukosa pumzi. Hizo kingamwili zinapatikana zaidi kwa wanawake waliowahi kubeba mimba, ndo mana nchi kadhaa siku hizi plazma ya kutundika wanachukua zaidi kutoka kwa wanaume. Kuna mzio, kuanzia vipele hadi presha kuanguka ghafla. Na tafiti za majeruhi ambao hawakuhitaji damu nyingi zimeonesha waliopewa plazma hawakuishi zaidi ya wenzao, ila walipata matatizo ya mapafu zaidi. Mtu yuko kwenye mashine ya kupumulia, halafu tumpe kitu kisichomsaidia kinachoweza kumuongezea siku kwenye mashine? Hapana.

Ile sindano ya tumboni najua inaonekana kama kejeli. Lakini mwili uliotoka kuvuja haurudi katikati, unapitiliza. Siku ya kwanza damu inakataa kuganda, siku ya tatu ya nne ini limeamka linamwaga fibrinojeni kwa wingi, mgonjwa amelala hatikisiki, nyonga imevunjika, mishipa mikubwa ya miguu inapita hapohapo, damu inaanza kuganda ndani ya mshipa. Bonge likichomoka huko linakwenda kwenye mapafu na linaweza kumuua mtu aliyenusurika lori na upasuaji. Sindano ile ni dozi ndogo ya kuzuia hilo, inaanzishwa pale madaktari wanapojiridhisha kwamba kuvuja kumesimama, kwa kawaida siku ya kwanza hadi ya tatu, kichwa kikiwa kimeumia wanasubiri zaidi. Kwa hiyo kuchomwa kwake leo ni habari njema, maana yake wao wenyewe wanaamini hatavuja tena. Na mnaona sasa, nyinyi mnaomba aongezewe cha kugandisha siku ambayo hatari yake ni kuganda.

Hayo niliyoyaandika hayana maana kwamba plazma imekwisha kwake kabisa. Akirudishwa chumba cha upasuaji, akianza kuvuja upya, vipimo vikiharibika na damu inatoka, watampa tena na hapo msishangae. Kuna wenye dawa za unga za kugandisha zilizokolezwa, mtu anaweza kuwaambia mkazinunue. Msihangaike. Wafaransa waliijaribu moja kwa majeruhi 324, majibu ya 2023, haikupunguza damu waliyotumia na waliopata mabonge kwenye mishipa waliongezeka.

Mimi simuoni mdogo wako, sijui mapafu yake yanasemaje leo wala kichwa kama kiliguswa, kwa hiyo usikomae nao ila pia usiwaache. Omba kukaa na daktari anayemsimamia, sio yule anayepita zamu, nenda wewe na mtu mmoja tu mtulivu, na mama akitaka aende. Muulize alipata mifuko mingapi ya kila kitu ile siku ya kwanza, kwa nini bado yuko kwenye mashine na wanategemea kuanza kumuachisha lini, figo zinafanya kazi, kichwa kilipigwa picha. Ukiwa pembeni ya kitanda ukaona mkojo kwenye mfuko umekua wa rangi ya kola, mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, vipele vimetoka wakati dripu inaingia, bandeji ya tumbo imelowa damu mpya, usisubiri muda wa kuona wagonjwa, muite muuguzi hapohapo.

Na la mwisho ambalo familia nyingi hazielezwi vizuri zikitoka hospitali: hana bandama tena, na bandama ndo inayochuja baadhi ya bakteria kwenye damu. Anahitaji chanjo za nimonia, za uti wa mgongo na ya Hib (bakteria mwingine wa aina hiyohiyo ya hatari), nyingi zinatolewa kuanzia wiki ya pili baada ya upasuaji au kabla hajaruhusiwa, waulizeni tarehe na mhakikishe imeandikwa kwenye karatasi yake. Akisharudi nyumbani, maisha yake yote, akipata homa ya ghafla na kutetemeka hakuna kumeza panadoli na kusubiri kukuche, ni hospitali usiku huohuo, na mlangoni mseme kabisa kwamba alitolewa bandama.